Mfalme Asiyekula Kabla ya Ajabu

Siku ya Pentekoste, ilipopita saa sita mchana, bata bukini kumi na wanne walikuwa wameshaiva jikoni kwa Mfalme Haelwal, na hakuna aliyethubutu kuwapeleka mezani. Mfalme alikuwa na desturi yake: siku ya sikukuu hakutia kitu kinywani mpaka ajabu iingie ukumbini. Mashujaa wake wote walikaa na njaa pamoja naye kwa heshima, na sisi wa jikoni tuliendelea kuwamwagia bata mchuzi wasikauke. Mwaka mmoja ajabu ilichelewa mpaka Jumanne, karamu nzima ikaliwa na mbwa.

Mlangoni alisimama bawabu Pereg, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja: "Ajabu au shida?" Wenye ajabu walipita kulia moja kwa moja. Wenye shida walipanga foleni kushoto, wakaambiwa Mfalme atawasikiliza akimaliza kula. Akimaliza kula, Mfalme alikwenda kuwinda.

Hakuwa mtu mbaya, na anayesema hivyo nitabishana naye mpaka kesho. Nimewapikia wafalme watatu, na huyu ndiye aliyekuwa mkarimu kuliko wote. Hakusema uongo, hakumpiga mtu aliyeanguka, na neno lake likishatoka halikurudi. Hilo la mwisho ndilo lililomponza Aurken.

Aurken alikuwa mjane wa Lanvelen, mteremko mdogo wenye miti sabini na miwili ya tufaha, aliyoipanda pamoja na marehemu mumewe. Miaka minne nyuma, Bwana Kadoret alirudi safarini na kichwa cha jitu ndani ya gunia, kichwa chenyewe bado kinalalamika kwamba humo ndani mna joto. Akapiga goti, akaomba zawadi bila kuitaja. Ndivyo wanavyoomba mashujaa.

"Nimeshakupa," Mfalme akasema. "Sasa niambie ni nini."

Kadoret akataka Lanvelen, apate penye kivuli pa kujengea mabanda ya mbwa wake. Mfalme hakujua Lanvelen ni ya nani. Alipokuja kujua, neno lilikuwa limeshatoka.

Kwa Pentekoste tatu Aurken alisimama kushoto. Pereg alimwonea huruma.

"Mama Aurken. Na leo tena?"

"Na leo tena."

"Ungekuwa hata na mbuzi anayesema, ningekupitisha."

"Mbuzi wangu alikwenda na zizi lake, mwanangu. Kamuulize Kadoret kama anasema."

Wakati huo alipita kulia bwana mmoja aliyebeba kichwa chake mwenyewe kwapani. Alimkanyaga Aurken mguu, na kile kichwa kikamwomba radhi kwa adabu. Bata wakatoka jikoni mara moja.

Mwaka wa nne, Ijumaa kabla ya Pentekoste, watu wa Kadoret walipeleka mashoka Lanvelen, maana mbwa walikuwa wameongezeka. Aurken akaenda kuiaga miti. Aliishika mmoja mmoja, mbele ya watu wale, bila kuharakisha. Alipogeuka kuondoka, miti ikang'oa mizizi ikamfuata. Hakuwa ameiita. Anasema alisikia kishindo cha matope nyuma yake, akadhani ni ng'ombe wa jirani.

Walitembea siku mbili. Kwenye kivuko cha mto miti ilisimama kunywa maji, na mmoja ambao ni mzee ulipaswa kungojewa kila baada ya mwendo mfupi. Wenye mikokoteni waliipisha. Jumapili mchana ilifika mbele ya kasri ikiwa imejaa maua, na nyuki wake wamekuja nayo.

"Ajabu au shida?" Pereg akauliza.

"Ni shida," Aurken akasema. "Ila imekuja na miti."

Pereg akafikiri. "Nitasema ni ajabu," akasema, akafungua mlango wote, mbao zote mbili.

Miti iliinama kupita. Ilichafua majani makavu tuliyotandika sakafuni asubuhi ile, na mpaka leo hakuna aliyetuomba radhi sisi tuliofagia. Mfalme alisimama, uso umemng'aa.

"Mama, umetufungulia kinywa. Omba unachotaka. Nimeshakupa."

Mashujaa walikuwa wameshashika visu.

"Naomba Lanvelen," Aurken akasema.

Ulisikika udongo tu, ukidondoka kutoka kwenye mizizi.

"Omba kingine, mama."

"Bwana wangu, umesema ninachotaka."

"Nimesema. Na kwa Kadoret nilisema kabla."

Kadoret akasimama. Hakuwa na haya hata kidogo. "Bwana wangu, mbwa wangu wameshapazoea pale. Tena hii miti ni ya mteremko, kwa hiyo nayo ni yangu."

"Basi iite," Aurken akasema. "Ikikufuata, ichukue."

Kadoret akapiga mbinja, kama anavyowaita mbwa wake. Akapiga tena. Ua moja likaanguka kwenye mchuzi wake, lakini miti haikusogea.

Mfalme akaketi. Alikuwa na maneno mawili, yote yake, na hakuweza kuvunja lolote. Akalia. Alilia kwelikweli, machozi yakaingia kwenye sahani. Niliyaona mwenyewe, maana mimi ndiye niliyeshika sinia. Ukumbi mzima ukalia pamoja naye.

"Miti ni yako, mama," akasema mwishowe. "Ya ardhi nimefungwa mikono. Njoo ukae karibu yangu, tule."

"Nitakaa, bwana wangu, nikishapata mahali pa kukaa."

Akatoka, na miti nyuma yake. Mlangoni padri Ivon, mwandishi wa Mfalme, alimuuliza ni mingapi. Sabini na miwili, Aurken akamwambia. Ivon akaandika elfu moja.

Mwaka ule waliishi barabarani. Kila mahali miti ilipozamisha mizizi, mwenye ardhi alitokea kabla wiki haijaisha, ikabidi izoee kulala imesimama juu ya udongo. Hata hivyo ilizaa. Wasafiri wanasema hawajawahi kula matufaha matamu namna ile, na Aurken aliwaambia wote, bila kuulizwa, kwamba yalikuwa matamu zaidi Lanvelen.

Pentekoste iliyofuata akarudi nayo.

"Ajabu au shida?" Pereg akauliza, kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Ileile."

Pereg akaiangalia miti, akajikuna shingo. "Mama Aurken, hiyo tulishaila mwaka jana."

Aurken akaenda kushoto. Miti ikapanga foleni nyuma yake, mmoja mmoja, mpaka darajani.

Ajabu ya mwaka huo ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo Ivon alisimama ukumbini kuwasomea mashujaa kitabu chake kipya, wapate kuisahau njaa. Sauti yake ilifika mpaka nje. Alisoma habari ya mjane na miti yake elfu yenye matawi ya dhahabu, akasoma machozi ya Mfalme. Kisha akasoma jinsi Mfalme alivyoinuka, akamrudishia mjane mteremko wake, na Bwana Kadoret akapiga goti, akamjengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Kadoret ndiye aliyelia kuliko wote.

Mfalme alifurahi sana. Kwa kuwa yeye hasemi uongo, hakuwa na sababu ya kudhani kitabu kitasema.

"Na yule mama," akauliza, "hajambo huko shambani kwake?"

"Yuko hapa nje, bwana wangu," Pereg akajibu. "Na miti yake."

"Maskini, amekuja kushukuru. Mwambieni asijisumbue. Arudi nyumbani salama."

Pereg akatoka, akafikisha salamu neno kwa neno. Aurken akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na mwambie nangoja amalize kula."

Punde paa mweupe akaingia kwa mlango wa kulia, akitaja majina ya mashujaa wote kuanzia mkubwa, na karamu ikaanza. Nilichukua paja la bata, lile lililonona, nikampelekea Aurken nje. Alinishukuru, akasema chumvi imepungua kidogo, na alisema kweli. Nilimletea kigoda, akakataa. Alikula amesimama, asije akapoteza nafasi yake kwenye foleni.