Mbuzi wa Maada ya Giza

Mwantumu alifunua sufuria, mvuke ukampiga usoni, na kabla hajaonja mchuzi binti yake akamvuta kando.

"Mama, huyu mbuzi kachinjiwa nini?"

"Nadhiri, mwanangu! Si ulipiga simu kutoka Namibia ukasema majibu yametoka? Niliahidi, siku mkiiona hiyo maada ya giza, nachinja."

Maryamu akashika kiuno. "Yametoka kweli, mama. Majibu ni kwamba hatukuiona."

Uani palikuwa pamejaa nusu ya mtaa. Mwantumu ni mama lishe wa stendi ya Handeni, na habari yake haikai ndani, kama harufu ya kitunguu motoni.

Mjomba Athuman alisikia. Hakuna asilosikia. "Miaka yote unakodolea mbingu, unarudi mikono mitupu! Na Jumatatu unataka radhi uondoke tena? Dada, mnyime. Abaki, afundishe sekondari."

"Mjomba, maada hiyo imejaa angani, ila yenyewe haionekani. Chembe zake zikigongana, huenda zikatoa miale ya gama, mwanga mkali ambao jicho haliuoni. Miale ikipiga hewa huko juu, inatoka cheche ya mwanga, ndogo mno, darubini zetu zinaidaka. Tulichungulia katikati ya kundi letu la nyota. Hatukukuta mwale wa ziada."

"Kwa hiyo haipo."

"Haipo pale tulipopima. Tunakwenda kupima pengine."

"Kama mbuzi wangu aliyepotea masika," alidakia jirani yao, Mama Zaidi, sahani tayari mkononi. "Unarudi bila yeye, lakini mwenzio unamwambia, bonde lile usijisumbue. Haya, Mwantumu, tunakula nadhiri au tunakula mdomo wako?"

Uani pakalipuka kicheko. Mwantumu hakucheka. Nadhiri hailipwi kabla jambo halijatimia, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Na radhi ya kinyongo ni wali wenye kiini: unamezeka, lakini tumbo litasema. Alimtazama binti yake. Maryamu alikuwa akisokota ncha ya mtandio, kama alivyosubiri matokeo ya darasa la saba.

"Kuleni," alisema. "Hiki ni kitoweo tu. Mwanangu amekuja."

"Na nadhiri?" Athuman akauliza.

Mwantumu alifuta mikono kwenye kanga, akaingia bandani. Alitoka na mbuzi mwingine, mtamba mdogo ambaye hajazaa, shingoni amemfunga kitambaa cheupe, alama ya mbuzi aliyewekwa nadhiri, asiyeuzwa. Akampa Maryamu kamba. "Nenda kapime, radhi unayo; huyu atangoja mpaka muione."

Mtamba alimnusa miguu, akaanza kutafuna pindo la gauni lake.