Baiskeli Iliyosukwa kwa Shaba

Siku mume wangu Soudi alipoondoka, mimi ndiye niliyeshika baiskeli wakati yeye akifunga gunia la chumvi. Ilikuwa katikati ya vita. Treni haikufika tena mjini kwetu Kindu, chumvi ilikuwa adimu kama dawa, na watu wa Lokandu walitoa kapu la samaki wakavu kwa kopo moja tu la chumvi. Aliniambia atarudi kabla ya sala ya Ijumaa.

Chuma cha juu cha baiskeli ile kilikuwa kimevunjika, na fundi wa kuchomelea hakuwa na umeme. Soudi alikiunga kwa waya wa shaba aliouokota kando ya reli, mabaki ya laini za simu za zamani. Aliuzungusha ovyo, ukalegea. Nikamwonyesha nyuzi tatu, kama ninavyosuka nywele. Akasuka mwenyewe, akamalizia kwa fundo dogo la kurudi nyuma ambalo mama yangu alinifundisha. Jirani yetu Bulaimu alipoliona, aliuliza baiskeli inaolewa lini. Soudi akamjibu, "Iko bibi arusi, ndugu. Usiiguse."

Akapanda, akaenda.

Ijumaa ilipita, na nyingine. Baadaye zilikuja habari. Mmoja alimwona Kampene, anachimba dhahabu. Mwingine akasema ni kweli yuko Kampene, lakini na mke na watoto. Hakuna aliyesema amekufa, na kwa kuwa hakuna aliyesema, sikuweza kukaa eda. Binti yetu Riziki alipoolewa, baba yake mdogo ndiye aliyemwoza, na niliwasikia wanawake jikoni wakiulizana kama baba mwenyewe amesusa. Kuna siku nilimwombea arudi. Kuna siku niliomba awe amekufa, maana kuachwa kulikuwa kuzito zaidi.

Mwaka jana kampuni moja inayotafuta shaba iliweka kambi kwenye njia ya Lokandu, nikapata kazi ya kupika. Mkubwa wao alikuwa Florentin, mwanajiolojia kijana kutoka Lubumbashi, asiyechoka na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Nilidhani watu hawa huchimba tu popote. Kumbe huanza na maji. Waliokota mchanga katika kila kijito, kwa sababu mvua hushusha vumbi la mlima. Mchanga ukionyesha shaba, wanapanda kufuata ilikotoka. Kisha wanakata mistari iliyonyooka porini, wanachukua udongo kwenye mistari hiyo na kuupima kwa mashine inayofanana na bastola. Palipo na shaba nyingi wanachimba shimo la kuonjea. Mwamba wa chini ukiwa nayo pia, ndipo mtambo wa kutoboa unaletwa. Mgodi wenyewe huja baada ya miaka, kama unakuja.

Asubuhi moja mashine ilionyesha namba kubwa karibu na njia ya zamani ya Lokandu. Vibarua walicheza. Gédéon, mmoja wao, akaniambia ninunue sufuria kubwa zaidi, kwa kuwa wakubwa wa Kinshasa sasa watakuja kula. Florentin peke yake hakufurahi. Hata sombe aliibakiza. Nilipomwuliza kama nimezidisha chumvi, alisema hapana, kisha akaeleza kama mtu anayejisemesha. Shaba ya mwamba huongezeka kadiri unavyoshuka, na huacha alama kwa jirani zake. Hii ilikuwa juu tu. Ukishuka kidogo inapungua, ukisogea pembeni hakuna kitu.

"Ile haiko shaba ya mulima, mama," alisema. "Iko watu walileta."

Siku iliyofuata walichimba polepole. Mimi nilipeleka chai. Kwanza yalitoka maganda ya risasi, mengi, yameota kutu ya kijani, yamelala kama maharage yaliyomwagika. Florentin akasema ndiyo hayo, maganda hutengenezwa kwa shaba, na mvua ya miaka mingi imeiyeyusha ikaingia udongoni. Hakuna aliyecheka tena. Chini yake kilitokea chuma cha baiskeli, kimeliwa hadi kukaribia kuwa vumbi jekundu. Waya uliokizunguka ulikuwa mzima.

Nyuzi tatu, na fundo dogo lililorudi nyuma.

Nikaweka birika chini. Florentin aliniuliza kama ninaumwa.

"Ile njo baiskeli ya bwana yangu," nikasema. "Mimi nilimufundisha kusuka."

Alivua kofia, akawaambia wote watoke shimoni.

Mifupa ilikuwa pembeni kidogo, na haikuwa ya mtu mmoja. Hatukuweza kuitenganisha. Imamu alikuja kutoka mjini, na padri pia, kwa kuwa hatukujua waliokufa na Soudi walikuwa wa dini gani. Wakazikwa pamoja palepale, kila mmoja akiombewa dua zote mbili. Bulaimu, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alirusha udongo wa kwanza, na hakutania.

Baada ya maziko nilimwambia imamu kwamba sasa naingia eda. Nilikuwa nimeshatenga nguo, na Riziki alikubali kuja kukaa nami.

"Mama Riziki," imamu alisema, "eda inahesabiwa toka siku muntu alikufa, haiko toka siku ulisikia. Yako ilikwisha zamani."

Ilikwisha, basi, wakati nikimchukia mwanamke wa Kampene ambaye hakuwapo. Niliwahi hata kumpa sura, meno yake na kanga zake. Riziki alizirudisha zile nguo sandukuni bila kuniuliza, nami sikumzuia.

Kampuni sasa inatoboa upande wa pili wa kijito, ambako mwamba una mishipa ya kijani hadi chini. Mahali pa Soudi pamezungushiwa miti, na mstari wao umepindishwa kupakwepa. Mimi bado ni mpishi wa kambi. Ijumaa sipiki.