Ishkeen wa Mzee Elwood

Saratani ya koo ilikuwa imemkaba Mzee Elwood hata mchuzi haupiti. Kila binti yake Lorena alipomletea kijiko, aligeuza uso ukutani. Asubuhi hiyo, ghafla, akanong'ona: "Nataka ishkeen." Lorena hakungoja aambiwe mara ya pili. Alimkurupusha mdogo wake Wendell kitandani, wakaitoa mashua gatini kijijini Kake, wakaelekea Mlango wa Bahari wa Chatham. Ishkeen, yule samaki mweusi mwenye mafuta, haishi karibu na ufuko. Yuko chini kabisa, gizani.

Chambo cha kichwa cha samoni kikashuka na ndoana, kikashuka weee, mvua ikiwatwanga. Hatimaye fimbo ya kuvulia ikainama, mashine ya umeme ikavuta kamba.

"Ndiye huyo! Si nilikwambia?" Wendell akashangilia.

"Ndiye nani, bwege wewe? Hesabu mapezi ya mgongoni. Matatu! Na macho yamemtoka. Ishkeen hana mfuko wa hewa tumboni wa kumfurisha, hufika juu macho yakiwa mahali pake."

"Dada, kwani Baba atahesabu mapezi?"

"Ulimi wake haujapofuka."

Wakashusha tena. Samaki aliponasa, betri ikakata roho kamba ikiwa bado kilindini.

"Tukate, twende," Wendell akasema. "Nimechoka mie."

"Ukikata nakutosa baharini. Vuta!"

Wakavuta kwa mikono mpaka kamba ikamchana Lorena vidole. Samaki akatokea: mweusi, mapezi mawili yaliyoachana mbali, macho kamili, anapiga mkia kwa hasira. Lorena akalia kwa furaha pale pale.

Nyumbani alimchemsha kwa chumvi tu, baba yake apendavyo. Mzee akatia kipande mdomoni, akajaribu kumeza. Wapi! Kilirudi pamoja na damu. Wendell akatoka nje, hakuweza kutazama.

"Tuache, Baba," Lorena akasema, akimfuta kidevu.

Mzee akamshika mkono. "Kula wewe."

"Siwezi, Baba."

"Kula, nikuone."

Akala. Machozi yalimdondokea sahanini, na kila alipomeza, midomo ya mzee ilicheza.

"Ana mafuta?"

"Anayo, Baba. Mengi."

"Kichwa niwekee. Kesho nitameza."

Lorena akaitikia, akaendelea kula.