Faili la Wote

Mkubwa alibonyeza kitufe, akangoja aulizwe. Hakuulizwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, kikombe mkononi, nikaona shingo yake inakakamaa. Sitasema uongo: chai ile ilikuwa tamu.

Ofisini kwetu tulipima maji ya visima, na kila kompyuta ilitegemea faili moja. Ukifungua dirisha la kuandikia amri, uwe bosi au mgeni wa jana, mashine ilianza kwa kulisoma faili hilo na kufuata yaliyomo. Mkubwa, bosi wetu, aliweka humo sharti kwamba kila amri ya kufuta iulize kwanza. Basi tukazoea vibaya. Tuliamuru vyote vifutwe, kisha tukachambua kwa majibu, hiki ndiyo, hiki hapana, kama mtu anayechambua mchele. Mdogo wangu wa kike alipoajiriwa, Mkubwa mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Nilipinga. Nikasema faili la wote ni mkongojo, siku ukiondolewa mtu ataanguka. Akanicheka, eti naogopa kivuli changu.

Asubuhi moja alikuwa na lundo la kufuta, maswali yakamchosha, akaling'oa lile sharti bila kumwambia mtu. Mdogo wangu akaja, akaamuru kama alivyofundishwa. Vipimo vya miaka miwili vikaenda arijojo, na nakala ya akiba Mkubwa alikuwa akiiahirisha tangu zamani. Kufika mchana, sharti lilikuwa limerudi mahali pake kimyakimya.

Kumbukumbu za mashine zilinionyesha faili liliguswa siku ile, na nani kaligusa, nikasema mbele ya kikao. Mkubwa akatabasamu.

"Damu nzito kuliko maji. Kaka mtu lazima aseme hivyo."

Watu wakaangalia meza. Mdogo wangu akafukuzwa kwa uzembe, na kila alikoomba kazi habari ilimtangulia. Akarudi kwa mama, akawa hagusi kompyuta hata ya kutazamia picha.

Mimi nikabaki. Mvumilivu hula mbivu, nami nilikuwa na njaa. Nilipokabidhiwa usimamizi wa mashine, nikapendekeza faili la wote liondolewe, kila mtu ajiwekee lake. Wenzangu wakakubali. Nikabandika tangazo mlangoni, nikatuma barua pepe, nikapita meza kwa meza. Meza ya Mkubwa sikuiruka. Alinipungia mkono niondoke, hana muda na mambo ya mafundi. Nikamshukuru. Nilijua ana kitabu alichokiandika kwa miaka, cha kumpandisha cheo, na kwamba folda alimokiweka huisafisha kwa mtindo uleule. Kitabu hicho nikakichukulia nakala, nikaenda nayo nyumbani.

Sasa, kitabu kikiwa kimefutika mbele yetu, akageuka kitini, jasho linamtoka.

"Fundi, una nakala?"

Nikamjibu kwamba tangazo lilikuwa mlangoni.

Jioni nikampigia mdogo wangu, nikamsimulia yote. Nilitarajia acheke. Aliuliza jambo moja tu.

"Nakala unayo, kaka?"

"Ninayo."

"Mrudishie."

Nikamwambia sawa, kesho.

Mkubwa amestaafu juzi, cheo hakukipata. Nilichangia zawadi yake, nikampa mkono wa kwaheri, akanishukuru kwa utumishi wangu. Kitabu chake ninacho hadi leo. Nimekisoma chote, na ni kizuri.