Swali Lililomtoa Mume Kwenye Bima

Kiwandani walimwita Pilipili, na aliyeuliza kwa nini alipata jibu kabla ya saa ya chai. Kazi yake ilikuwa kushona kingo za magodoro kwa mashine inayonguruma kama trekta, na msimamizi aliyejaribu kumgombeza alijikuta anashindana na ngurumo mbili. Lakini mwanamke huyo huyo, ambaye hakuwahi kumpisha mtu kwa woga, kuna simu moja aliyoiogopa. Ilikuwa ya kampuni ya bima ya afya iliyowahudumia wafanyakazi wa kiwanda na wenza wao. Huko walizungumza Kiingereza mwanzo mwisho.

Mume wake alikuwa fundi rangi wa nyumba mpaka figo zilipomsaliti. Sasa kila baada ya siku chache alikalishwa kando ya mashine hospitalini, damu ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa mwilini. Bima ndiyo iliyolipa. Siku moja sista wa kitengo cha figo, mwanamke wa sauti ya chini, alimvuta Pilipili pembeni.

"Mama, bima hizi zina kikomo cha mwaka. Kikifika, kadi inagoma hata kama mgonjwa ameshakaa kitini. Sisi huku hatuoni kilichobaki. Wapigie uulize mapema, msije mkashtukizwa."

Alipiga mchana ule ule, amejibanza nyuma ya marundo ya sponji. Msichana akapokea kwa Kiingereza kinachoteleza.

"Mwanangu, naomba tuongee Kiswahili," Pilipili akasema.

Msichana akajibu kwamba kwenye laini hii ni Kiingereza tu. Hilo Pilipili alilielewa vizuri, kwa kuwa lilisemwa polepole, neno baada ya neno, kama mtoto anavyoelezwa asiguse jiko. Akakata simu, mashavu yanawaka.

Jioni mume akamwambia, "Usijali. Swali tutaliunda wenyewe."

Kiingereza chake alikiokota kwa wenye nyumba na kwenye makopo ya rangi, na alijivunia kila neno. "Bima ni cover. Kikomo ni limit. Kwisha ni finish, hilo nina uhakika nalo, limeandikwa kwenye kila kopo."

"Una uhakika kopo linasema kwisha?"

"Kwisha, kumalizia, si ukoo mmoja hayo?"

Wakafanya mazoezi ukingoni mwa kitanda, mume akibana pua na kujifanya msichana wa bima, mpaka jirani akauliza dirishani kama wana mgeni mwenye mafua. Ilikuwa siku nyingi hawajacheka vile.

Kesho yake Pilipili akapiga tena, akalitoa swali lote kwa pumzi moja: husband, cover, finish? Neno limit likamponyoka njiani, kama ndala inavyomponyoka mtu akiruka mtaro. Upande wa pili kukawa kimya, kisha pakasikika kelele za mbali, kama mtu ameziba simu kwa kiganja. Halafu msichana akarudi na swali refu. Ndani yake Pilipili akayatambua maneno yake mwenyewe, na jingine alilolijua, want. Unataka. Ndiyo, alitaka! Alitaka kujua.

"Yes," akasema. "I want."

Msichana akamuuliza kama ana hakika.

"Yes, yes!"

Akashukuriwa kwa adabu, na ujumbe mrefu wa Kiingereza ukaingia kwenye simu yake. Pilipili akautunza ili sista amsomee, akarudi kwenye mashine anatembea kama aliyeshinda kesi.

Siku ya kwenda hospitali kadi iligoma. Wakaijaribu tena, ikagoma. Pilipili akaukumbuka ujumbe, akamkabidhi sista simu. Sista alisoma, akasoma tena, kisha akamtazama kwa jicho ambalo Pilipili hakuwahi kutazamwa nalo.

"Mama, umemtoa mgonjwa kwenye bima?"

"Nimemtoa nani?"

"Wameandika kwamba umeomba bima ya mume wako isitishwe. Na kwamba umethibitisha."

Mume, aliyekuwa ameshakunja mkono wa shati tayari kwa sindano, akaushusha taratibu. "Kama ulinichoka, mke wangu," akasema, "ungeniambia tu nyumbani." Alitaka kumchekesha. Pilipili hakucheka. Kwa kitambo alimchukia yeye na makopo yake yote, kisha akajichukia mwenyewe kwa kumchukia mtu mwenye miguu iliyovimba namna ile.

Ofisi ya malipo ikataka pesa taslimu. Sista akaomba, akabembeleza, akajibiwa kwamba utaratibu ni utaratibu. Wakarudi nyumbani na damu ile ile waliyokwenda nayo.

Asubuhi iliyofuata mume alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima na mzigo kichwani, naye alikuwa ameketi tu. Pilipili akamwachia jirani amwangalie, na badala ya kwenda kiwandani akaenda ofisi za bima. Mapokezi wakamsalimu kwa Kiingereza. Sauti iliyozoea kushindana na mashine ikaanguka kwenye sakafu ile ya marumaru, na watu wakainua vichwa hadi ghorofa ya juu.

"Mnaua mume wangu! Nileteeni mwenye ofisi!"

Mlinzi akamsogelea, mzee mwenye heshima zake. "Mama, taratibu. Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, baba. Iliyobaki ni hasira."

Meneja akashuka, kijana aliyevaa suti ya kubana, akamwingiza kwenye chumba cha vioo. Kiswahili alikijua, tena safi. Akaeleza kwamba simu zote hurekodiwa na kwamba mama atajisikia mwenyewe akiomba. Akabonyeza kompyuta, rekodi ikaanza.

Pilipili akaisikia sauti yake, nyembamba na yenye haraka, sauti ya mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Husband, cover, finish. Kisha kile kimya. Lakini kwenye rekodi, iliyonasa hata alichozibiwa mteja, hakikuwa kimya. Msichana alikuwa amegeukia wenzake, na alisema kwa Kiswahili kisicho na kwikwi:

"Jamani! Kuna mama hapa anataka kumfuta mumewe kwenye bima. Sijui wamegombana nini?"

"Mfute," sauti nyingine ikajibu. "Huenda kaongeza mke."

Kicheko. Halafu kile Kiingereza laini kikarudi, kinauliza kama ana hakika.

Meneja akanyoosha mkono kuzima.

"Usizime," Pilipili akasema. Sasa alisema chini kabisa, na hapo ndipo meneja alipoogopa. "Mwite."

Msichana akaja, mdogo kuliko sauti yake. Meneja akaanza kumkaripia mbele ya mgeni, akasema ataachishwa kazi leo leo.

"Nyamaza wewe," Pilipili akamwambia meneja, kisha akamgeukia msichana. "Ulijua swali langu halina akili. Ulishangaa. Kwa nini hukuniuliza kwa Kiswahili?"

Msichana alikuwa analia. "Tumekatazwa, mama. Ukisikika unaongea Kiswahili na mteja unakatwa mshahara. Yeye ndiye anayesikiliza rekodi."

"Kwa hiyo Kiswahili cha kunisaidia kina adhabu. Cha kunicheka hakina?"

Pilipili alikuwa amekuja na mkono unawasha, tayari kumzaba kibao yeyote aliye nyuma ya sauti ile. Sasa hakujua kibao kianzie wapi. Akamwelekezea meneja kidole, kidole chenye alama za sindano za miaka.

"Huyu alicheka, hilo ni lake na nitamdai. Lakini mdomo uliufunga wewe. Utamrudisha mume wangu kwenye bima sasa hivi, na utaipigia hospitali nikisikia. Kisha utanijibu swali langu. Kikomo cha mume wangu kimebaki kiasi gani?"

Meneja akabonyeza, akapiga simu, akatokwa jasho. Hospitali wakajibu wamlete mgonjwa upesi. Kuhusu lile swali, jibu lilichukua muda mfupi kuliko kumenya yai. Kwa mwendo ule, bima ingekwisha miezi miwili kabla ya mwaka mpya.

"Ndilo hilo tu," Pilipili akasema. "Nilitaka kujua hilo tu."

Mume alifikishwa hospitali maji yameshaingia mapafuni. Alilazwa wiki nzima, na kwa siku mbili za kwanza sista hakumwambia Pilipili neno la matumaini wala la kukatisha tamaa. Alipona kwa jinsi mgonjwa wa figo anavyopona. Alirudi nyumbani, akarudi kwenye mashine yake, lakini sauti ilipungua, na ngazi mbili za mlangoni alizipanda kwa kupumzika katikati.

Pilipili hakupoa. Siku aliyorudi kazini alizima mashine yake mapema, akapanda juu ya godoro moja akawasimulia wenzake yote, na kicheko kile akakiigiza. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Wakaenda kundi zima kwa ofisa utumishi, wakasema kampuni isiyoweza kusikiliza wanaoilipa itafutiwe mbadala. Laini ya Kiswahili ikafunguliwa. Wakati mwingine hupokelewa, wakati mwingine huita mpaka ikachoka. Kuhusu ile miezi miwili, kiwanda na kampuni bado wanarushiana mpira, na Pilipili yuko katikati ya uwanja anapiga kelele.

Yule msichana alipiga simu siku moja jioni, kwa namba yake mwenyewe. Hakuwa ameachishwa.

"Shikamoo, mama. Nilitaka kujua baba anaendeleaje."

Pilipili akageuka kutazama, simu sikioni. Mume alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi.

"Anapumua," akasema, kisha akakata.