Amevunjika, Amevunjwa

Mwanangu alipovunjwa mguu, redio ilisema amevunjika. Mtu mwingine ataona ni yale yale. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano, na kauli ya kitenzi ikikosewa kwenye daftari la mtoto wa watu nakosa raha, sembuse ikikosewa kwa niliyemzaa mwenyewe.

Ilikuwa siku ya maandamano ya kupinga soko kuhamishwa. Mwanangu anasomea ufundi umeme, na siku hiyo alikuwa anapita zake kwenda chuoni. Askari akamfukuza na wengine, akamfikia, akampiga rungu la muundi. Taarifa ya saa saba niliisikia nikiwa ofisini kwa walimu: "Kijana mmoja amevunjika mguu wa kushoto katika vurugu za sokoni." Nikasema maskini, mtoto wa watu. Msomaji alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, yule ambaye mtaa mzima unamwita Sauti Tamu.

Kumbe mkuu wa chuo naye alikuwa anasikiliza, na baadaye hospitali ikampigia kwamba kijana huyo ni mwanafunzi wake, mwanangu. Aliponipigia simu alishaamua: aliyeumia kwenye vurugu ni mfanya vurugu, kamati inakaa Ijumaa, na kijana ajiandae kufukuzwa. Mwaka wake wa mwisho huo. Nilikata simu.

Kesho yake nikanunua magazeti. La serikali liliimba wimbo wa redio, amevunjika, ila mguu gani halikutaja. La upinzani lilipiga tarumbeta ukurasa wa mbele: polisi wamvunja mguu kinara wa maandamano, tena mguu wa kulia. Kinara! Huyu wangu hata kuku kuwaingiza bandani wanamshinda. Nikayatandaza mezani, nikashika kalamu nyekundu. Hili limemficha aliyepiga, lile limembadilisha aliyepigwa. Yote nikayapa sifuri.

Nilipokuwa nayakunja ndipo kitu kikaanza kuniwasha. Gazeti lenye hasira lilikosea mguu, kwa hiyo mwandishi wake hakuwepo, kasimuliwa. Redio ndiyo iliyopatia. Na saa saba ile mwanangu alikuwa bado kalazwa kwenye benchi la hospitali, daktari hajamgusa, na mimi mama yake sina habari. Sasa hao wa redio kushoto walikujuaje?

Sikumwambia mtu. Nikaanza kumchunguza mdogo wangu. Alikuwa anakuja kila jioni kumjulia hali mpwa wake, anabeba matunda, anakaa anaangalia dari. Yeye, ambaye hajawahi kuingia kwangu bila kumtania huyo mtoto. Na hakuwa ameuliza hata mara moja ilikuwaje. Mtu haulizi anachokijua.

Alhamisi alipokuja nilimngoja akae. Mwanangu alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umeegeshwa juu ya mto.

"Kushoto mlikujuaje?" nikamuuliza.

"Dada, mimi nasoma ninacholetewa."

"Aliyekuletea alikuwa wapi?"

Akajikuna shingo. "Gari letu lilikuwa pale."

"Na ndani ya gari alikuwemo nani?"

Mwanangu akafumbua macho, nadhani hakuwa amelala kabisa. "Mama, hili sikukwambia. Nililiona gari la redio, nikajua hapa nimepona. Nikagonga kioo mpaka askari akanifikia. Vioo ni vyeusi, nikadhani ni dereva tu." Akamgeukia. "Mjomba, ulikuwa wewe?"

"Mlango ulikuwa umefungwa," mdogo wangu akasema.

"Umefungwa na nani?"

Huyu nilimfundisha mimi kutendwa na kutendeka, angali anavaa kaptula. Alijua vizuri nilichokuwa nauliza.

"Na mimi, dada."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikalia, na yalikuwa machozi ya hasira, asije akadhani namwonea huruma. Nikamwambia kamati inakaa kesho saa nne. Aje aseme alichokiona kupitia kile kioo, kingine sitaki kwake.

"Nitakuja," akasema. Akamshika mpwa wake bega, akarudia, "Mjomba, nitakuja."

Ijumaa tuliwahi. Tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu, mwanangu na magongo yake, mimi macho getini. Kila aliyeingia nilimdhania ndiye. Katibu wa mkuu alikuwa na redio ndogo juu ya kabati, inapiga muziki. Akatoka akatwambia wajumbe wapo tayari, je, shahidi wetu kafika? Nikamwomba atuvumilie kidogo, yuko njiani.

Muziki ukakatika. Ilikuwa saa nne, taarifa ya habari, na aliyeisoma alikuwa mdogo wangu.

Mwanangu alisikiliza habari ya kwanza, ya ziara ya waziri, mpaka mwisho. Kisha akaokota magongo yake.

"Tuingie, mama," akasema.