Kibao cha Kalala

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, Mama Léonie alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi mbele ya nyumba, akimalizia kuchora kitana kwenye kibao cha saluni, Papa Bertin alipofika na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Papa Bertin alikuwa wakala wa komisheni ya majengo ya kumbukumbu. Viatu vyake vilikuwa vimelowa mpaka kwenye kamba, sawa na vya kila mtu wa mitaa ya chini mwaka ule, kwa maana ziwa lilikuwa likipanda tangu Noeli na halikuonyesha dalili ya kuchoka.

Alisema taifa limeorodhesha majengo kumi na moja ya Kalemie kuwa ya kihistoria, na kila jengo lilitakiwa kuwa na kibao chake. Vibao vya shaba viliahidiwa kutoka Kinshasa, na mpaka siku ile vilikuwa bado vinaahidiwa. Kwa sasa bati na rangi vingetosha, mradi herufi zinyooke.

"Herufi zangu hazijapinda hata siku moja," Mama Léonie alisema.

"Njo maana nimekuja kwako, Mama."

Akavichora vyote kumi na kimoja kwa juma moja, rangi nyeusi juu ya nyeupe. Kila kibao kilikuwa na namba, mwaka wa kujengwa, na jina la mtu wa historia aliyelala mle. Kituo cha zamani cha treni kilikuwa na mhandisi wake. Nyumba ya mapadri ilikuwa na askofu. Villa iliyo karibu na mdomo wa mto Lukuga ilikuwa na komanda mmoja Mbelgiji, aliyekaa miaka minne akarudi kwao na homa. Papa Bertin alivifunga kutani mwenyewe, visi nne kila kimoja, yaani skrubu, kwa turnevisi yenye mshiko mwekundu.

Siku alipofunga kile cha villa, maji yalikuwa yamekwisha kuingia bustanini. Kesho yake yalisogea tena, na yalipofika hatua moja kutoka ukutani yalisimama. Yalisimama wima. Kadiri ziwa lilivyopanda, ndivyo maji yalivyopanda kuizunguka villa bila kuigusa, mpaka mtu akiwa barazani aliona samaki wakipita usawa wa goti lake. Kwenye kituo cha treni ikawa vilevile. Wavuvi walichukua siku mbili kuzoea, kisha wakaanza kutega nyavu pembeni mwa villa, kwa sababu samaki aliyefika pale hakuwa na pa kugeukia. Mlinzi wa villa alilalamika tu kwamba unyevu unamletea kikohozi.

Mama Léonie alipopata habari hiyo aliweka brashi chini, akaitazama nyumba yake.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ya tofali za kuchoma, kwenye avenyu ya tatu kutoka ufukoni. Aliijenga babu yake, Kalala, mtu wa Ankoro. Alipokuwa kijana, Kalala alishuka na mtumbwi mpaka Kabalo, na pale Kabalo watu wa reli wakamtwisha begani taruma, ule mhimili unaolazwa chini ya vyuma. Alibeba mataruma miaka thelathini na moja, njia nzima mpaka Kalemie. Nyumba aliijenga siku za Jumapili, na ndani yake alizaliwa Evodie, mama yake Léonie, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na moja na miguu isiyomtii tena. Nyumba ile ikienda, wao wawili hawakuwa na pengine. Kule juu mlimani kulikuwa na hema za waliohama, na Mama Evodie alikwisha kusema kwamba kwenye hema hatalala, atakufa kwanza. Maji siku ile yalikuwa kwenye mtaro, mbele ya lango.

Mama Léonie hakungoja. Alikwenda biro, ofisini kwa Papa Bertin, akafungua dosie ili nyumba ya Kalala nayo iorodheshwe.

Papa Bertin alikuja nyumbani kuchukua ushuhuda, kama utaratibu ulivyotaka. Akakaa kando ya kitanda cha Mama Evodie, akauliza kama kuna karatasi yoyote yenye jina la Kalala. Kitambulisho cha kazi, barua, hata orodha ya chakula.

"Karatasi zilikuwa kwao, si kwetu," Mama Evodie alisema. "Mimi nilikuwa namuosha mugongo. Bega la kuume lilikuwa limebonyea. Unaweza kuweka kikombe pale na kisianguke. Mimi nilikiweka, nilikuwa mutoto, na yeye alicheka."

Papa Bertin akaandika yote, hata kikombe. Aliandika vizuri, bila kufupisha. Kisha akavua miwani, akasema kwamba kusema kweli bega si hati, lakini atapeleka.

Jibu lilichukua siku tisa. Katika siku hizo maji yalivuka lango, yakapita mpapai, yakafika kwenye ngazi ya baraza. Mama Léonie alikuwa akihesabu tofali za msingi kila asubuhi kabla ya kuwasha moto: zimebaki tano, zimebaki nne, zimebaki nne, zimebaki mbili. Alipoteza hamu ya kula.

Siku ya tisa barua ikafika. Komisheni ilishukuru kwa moyo wa uzalendo. Kwa kuwa hakuna hati inayomtaja mhusika, nyumba haiwezi kuorodheshwa.

Mama Léonie aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka juu ya kabati pasipofikiwa na maji. Kisha akachukua kipande cha bati kilichobaki kwenye kazi ya komisheni, akakipaka nyeupe, akangoja kikauke. Juu yake aliandika: HAPA ALILALA KALALA, MBEBA MATARUMA, MIAKA 31. Hakuweka namba, kwa sababu hakupewa namba, na yeye si mtu wa kubuni. Akakifunga juu ya mlango kwa visi nne.

Maji yalikuwa yamekwisha kulowesha tofali ya mwisho. Yalirudi nyuma hatua moja, yakasimama.

Jirani yake, Mama Gracieuse, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, alitazama kwa dakika moja kutoka dirishani mwake, ambako alikuwa akichota maji ya ndani kwa sufuria na kuyamwaga nje. Kisha akavuka akiwa amepandisha kitenge mpaka mapajani.

"Na mimi unichoree, Mama Léonie. Andika askofu alikunywa chai kwangu."

"Alikunywa?"

"Angekunywa, kama angepita."

Mama Léonie alichora kama alivyoagizwa, kwani kazi ni kazi. Kibao cha askofu kikafungwa saa sita. Maji yakapita chini yake bila kupunguza mwendo, yakaingia mpaka jikoni kwa Mama Gracieuse na kuzima moto. Mama Gracieuse akarudi na kibao kwapani, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Basi andika hivi," alisema. "Hapa Gracieuse amezaa watoto saba, amezika wawili."

Hicho maji yalikiheshimu. Yalitoka jikoni kwa mlango uleule yalioingilia.

Kufikia Ijumaa avenyu nzima ilikuwa na vibao. Watu walikuja wakaeleza, na Mama Léonie akaandika. Kwa mmoja aliandika kwamba mkimbizi wa Moba alifichwa chini ya kitanda hiki miezi mitatu. Kwa mwingine, hapa mashine ya kushona imelea familia. Waliotaka kujikweza kidogo, maji yaliwasahihisha, nao wakarudi kusema kweli. Nyumba zilisimama zimekauka katikati ya ziwa, kila moja na uwazi wake, na watu wakatembeleana kwa mitumbwi.

Jumatatu Papa Bertin alikuja kwa mtumbwi. Maji nje ya nyumba ya Kalala yalikuwa yamefika usawa wa dirisha, hivyo alilazimika kushuka kutoka ukingoni mwa maji kama mtu anayeshuka kitanda kirefu. Alisimama kwenye uwanja mkavu, akamsalimu Mama Léonie, akamuuliza hali ya mama yake. Ndipo akatoa barua nyingine na ile turnevisi.

"Vibao havina namba," alisema. "Komisheni inasema ni vya uongo. Ninapaswa kuvifungua vyote, na nianze na hiki."

"Uongo uko wapi, Papa Bertin? Unionyeshe neno moja."

Akakisoma kibao kwa makini, midomo ikitikisika kidogo.

"Hakuna," alisema.

"Basi uandike karatasi kwamba Kalala hakulala hapa. Utie sahihi. Nitakifungua mimi mwenyewe."

"Siwezi kuandika hivyo, Mama. Alilala. Lakini haiko katika hati."

Mama Léonie akasimama mlangoni, mgongo umeegemea fremu, mikono kifuani. Nyuma ya Papa Bertin maji yalisimama wima, na ndani yake sangara mmoja mkubwa alikuwa ametulia, akipumua. Majirani walitazama kutoka kwenye nyumba zao. Walijua zamu zao zinafuata.

"Kwangu, mtaani Lubuye, maji yaliingia mwezi uliopita," Papa Bertin alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu alinisihi nipeleke kibao kimoja. Nilikuwa nacho mkononi. Sikukipeleka. Sheria ni sheria hata kwangu."

"Ungekipeleka," Mama Léonie alisema. Alikuwa na hasira naye, tena alimhurumia, na huruma ile ikamkasirisha zaidi.

"Nikirudi bila kibao, kesho watatuma askari. Hawataniacha nimutoe Mama Evodie kwanza."

Hilo ndilo lililomwondoa mlangoni. Waliingia pamoja, wakambeba Mama Evodie na godoro lake, wakampandisha mtumbwini. Mama Evodie hakulia. Aliomba tu wamwelekeze uso nyumbani. Mama Léonie akarudi kuchukua sufuria, rangi, brashi na ile barua iliyokuwa juu ya kabati. Papa Bertin alipanda kwenye kiti kifupi, akafungua visi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote alizitia mfukoni. Ya nne ilikuwa imekaza, ikabidi aifungue taratibu, jasho likimtoka, na Mama Léonie akajikuta anaomba ivunjikie ndani. Haikuvunjika.

Maji yaliingia bila haraka, kama mpangaji mwenye ufunguo. Yalijaza chumba cha mbele, kisha cha nyuma. Papa Bertin alipanda mtumbwini amelowa mpaka kiunoni, akampa Mama Léonie risiti ya kibao kimoja cha bati, akaendelea na nyumba ya Mama Gracieuse. Mpaka saa kumi avenyu ilikuwa imekwisha. Yalibaki mapaa.

Mama Evodie hakufa. Alilala kwenye hema kule mlimani, akawa hasemi sana.

Juma la tatu, Papa Bertin akapanda mlima na mfuko wake wa plastiki. Alikaa juu ya jiwe mbele ya hema. Alisema komisheni imepata jengo la kumi na mbili, dogo, la mawe, ndani ya bustani ya villa. Lilikuwa limezama tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo kibao kilihitajika upesi. Lilikuwa nyumba ya mbwa wa komanda.

"Na hati?" Mama Léonie aliuliza.

"Ziko. Komanda alimwandikia mama yake barua, zimehifadhiwa Ulaya. Mbwa ametajwa mara kumi na nne. Jina lake Kastori."

"Na watu wa mataruma? Amewataja mara ngapi?"

Papa Bertin alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Hakuwataja, Mama."

Mama Léonie akachukua bati, akalipaka nyeupe. Alitaka mkono upinde angalau herufi moja, lakini mkono ulikuwa na miaka thelathini ya kazi na haukujua njia nyingine. HAPA ALILALA KASTORI. Herufi zilinyooka zote.

Kibao kilifungwa Alhamisi na mpiga mbizi. Ijumaa asubuhi Mama Léonie alishuka mpaka mahali ambapo villa ilionekana, akakuta maji yamekwisha kujitenga na kile kijumba. Yalisimama pande zote nne, marefu kuliko mtu. Ndani palikuwa pakavu, na mlangoni ulionekana mnyororo umeota kutu.

Aliporudi hemani mama yake alikuwa macho.

"Yalisimama?" Mama Evodie aliuliza.

"Yalisimama."

"Basi huyo mbwa alilala pale kweli," Mama Evodie alisema, na akaomba ageuzwe upande wa pili, kwa sababu upande huu hema lilikuwa linavuja.